Kipande chenye alama ishirini na tisa

Hotuba iliyotolewa Dar es Salaam, katika wiki ya Siku ya Mashujaa

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mliokaa mbele, akina mama, na ninyi vijana wa shule mliosimama kule nyuma kwa sababu viti havikutosha. Wazee, shikamooni. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea hata kabla hamjazitoa, marahaba.

Pale mlangoni nimesoma tangazo. Limeandikwa kwamba leo mtasikia habari za "shujaa wa Burma". Nimecheka peke yangu hadi dada wa mapokezi akaniangalia. Huyo shujaa ni babu yangu, mzaa baba, na kama angekuwa hapa angegeuka nyuma kuangalia nani anaitwa. Burma, ndiyo Myanmar ya leo, alifika, hilo ni kweli, na risasi alizisikia. Lakini vitani kwenyewe alikaa miezi, jeshini miaka minne, na kwenye mkonge alikaa miaka thelathini na kitu. Sasa mtu akikuuliza mzee huyu alikuwa nani, utahesabu ipi?

Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, kwa hiyo mtaniwia radhi, nitahesabu yote.

Nimekuja na kitu kimoja tu, hiki hapa kwenye bahasha. Mlio nyuma hamkioni, basi nitakieleza. Ni karatasi ngumu yenye rangi ya chai ya maziwa, inaenea kwenye kiganja. Imechorwa vyumba vidogo thelathini. Juu kuna namba, na chini ya namba kuna jina. Vyumba ishirini na tisa vina alama ya penseli ya rangi. Cha thelathini ni kitupu. Hiki ndicho kipande. Wajukuu wangu wakisikia neno kipande wanadhani ni kipande cha keki, lakini kuna watu kwenye ukumbi huu ambao baba zao waliishi na kufa wakihesabu vipande, na nawaona wanatikisa kichwa.

Jina lililoandikwa hapa si jina lake. Karani alikuwa mtu wa pwani, babu alikuwa Muha wa Kasulu, na karani aliandika alichokisikia. Jeshini wakaliandika namna nyingine. Ofisi za baada ya uhuru zikalipata la tatu. Ndiyo maana leo sitalitaja. Tunalo nyumbani, mjukuu wake mmoja analo, na linatamkwa sawasawa. Kila lilipopandishwa kwenye karatasi za wakubwa liliharibika, na sitaki kesho nilione gazetini likiwa limeharibika mara ya nne.

Aliondoka Kasulu mwaka 1938, kijana wa miaka kumi na nane hivi. Baba yake alikuwa mpagazi wakati wa vita ya kwanza. Wabelgiji walipoingia Kigoma mwaka 1916 walimbebesha mizigo mpaka Tabora, akarudi na mgongo ambao haukunyooka tena. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na adabu yake kuhusu mtu yeyote anayekuja na daftari kuandika vijana. Babu alipoona wapiga mbiu wa mashamba wamefika, baba yake alimwambia neno moja tu: uliza mzigo una uzito gani kabla ya kuubeba. Babu akauliza. Wakamwambia hakuna mzigo, ni kukata majani tu.

Kukata majani tu! Nyie mliokulia Morogoro, Kilosa, Korogwe, Muheza, mnacheka kwa sababu mnaujua mkonge. Jani lake ni refu kama mkono wa mtu mzima na zaidi, na kwenye ncha kuna mwiba mweusi, mgumu kama msumari. Utomvu wake ukikugusa ngozi unawasha mpaka usiku. Unainama, unakata karibu na shina, unaondoa mwiba, unafunga mafungu ya majani thelathini thelathini, unayabeba begani mpaka kwenye kireli chembamba, unayapanga, unarudi. Jua la Kimamba, kule Kilosa alikokuwa babu, mnalijua. Majani yakifika korona, ndiyo mashine ya kuchakata mkonge, yanapondwa, nyama ya kijani inatoka, inabaki singa, yaani nyuzi. Singa inaanikwa kwenye waya, inapigwa brashi, inafungwa marobota, inakuja hapa bandarini au inakwenda Tanga, na huko mbele inakuwa kamba ya meli ya mtu ambaye hajui Kimamba iko wapi.

Waliokuwa wakiletwa kwa mkataba kutoka mbali, Kigoma, Songea, Njombe na kwingineko, waliitwa manamba. Neno lenyewe limetoka kwenye namba. Ulipewa blanketi, ukapandishwa treni, ukafika ukapewa namba, na tangu hapo nyapara alikuita kwa hiyo namba. Watu wa miji waligeuza neno hilo kuwa tusi. Hata mimi, nikiwa shule hapa Temeke, kijana mmoja aliniita mtoto wa manamba tukapigana. Nilimpiga, kwa taarifa yenu. Baadaye nikajiuliza nilikuwa namtetea nani, kwa kuwa alichosema kilikuwa kweli kabisa.

Sasa hesabu ya kipande ilikuwa hivi. Kila siku unapewa kazi yako, kiasi kilichopimwa. Ukiimaliza, karani anatia alama kwenye chumba kimoja. Usipoimaliza, hata ukifika robo tatu, siku hiyo haipo. Umekata, umechomwa, umewashwa, na siku haipo. Mshahara wa mwezi haukuwa wa mwezi wa kalenda. Ulikuwa wa alama thelathini. Mgonjwa, mchovu, aliyefiwa, mwezi wake ungeweza kuwa na siku arobaini au zaidi. Na pale shambani kwao, kipande usichokijaza ndani ya muda waliouweka kilikufa. Ukikijaza, unakirudisha ofisini, unalipwa, kinabaki kwao. Vijana, hebu shikeni hapo, tutapahitaji baadaye: kipande kilichojaa kinabaki ofisini.

Mkonge wenyewe haukuwa mmea wetu. Mjerumani mmoja, Dokta Richard Hindorf, ndiye aliyeuleta mwaka 1893. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai pwani ya Tanga ni 62. Miche sitini na miwili! Ingekufa hiyo nayo, babu yangu angezeekea Kasulu akilima maharage, na mimi sijui ningekuwa wapi. Lakini haikufa. Kufikia uhuru mkonge ndio uliokuwa ukiiletea Tanganyika fedha nyingi za kigeni kuliko zao jingine, na mwaka 1964 nchi hii ilitoa tani zipatazo 230,000, kiasi ambacho hakijafikiwa tena. Tulisomeshwa na singa. Mnapopita kwenye majengo ya zamani ya mji huu, kumbukeni kwamba fedha ya nchi wakati ule ilikuwa inanuka utomvu.

Mwaka 1942 mambo yakageuka. Japani iliiteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia, ambavyo wakati ule vilikuwa vya Waholanzi, na huko ndiko Waingereza na wenzao walikokuwa wakipata kamba nyingi za meli zao. Ghafla mkonge wa Tanganyika ukawa silaha. Serikali ikaanza kuwashurutisha watu kwenda mashambani, na papo hapo ikawa inawataka watu kwa ajili ya jeshi. Babu alikuwa amemaliza mkataba, amerudi Kasulu, ameoa, amepata mtoto, ambaye ndiye baba yangu. Boma likadai watu kwa mwami, yaani chifu wa Waha, mwami akadai kwa wasaidizi wake, wasaidizi wakaja mpaka kwenye migomba ya babu. Alikuwa akisimulia, "Nilipanga foleni bila kujua mwisho wake uko wapi." Daktari akampiga kifuani, akamtazama meno, akasema huyu aende keya.

Keya, kwa wasiojua, ni KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Na alikuwa na msemo wake kuhusu jambo hili, akiusema huku akichokoa kiko: "Mjapani alinikuta shambani kabla mimi sijamkuta msituni."

Kuhusu vita mtanisamehe, nitawapa nilichopewa, na nilichopewa ni kidogo. Walipelekwa Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo, wakafundishwa kukaa msituni. Huko ndiko alikojifunza kusoma. Jeshi lilikuwa na magazeti ya Kiswahili kwa ajili ya askari, na babu, aliyetia dole gumba kwenye mkataba wa mkonge, alirudi anasoma kwa sauti, polepole, kila neno akilimalizia kama anapiga msumari. Akiwa huko Ceylon zikafika habari za meli Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa na askari wetu, ikapigwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944, ikazama kwa dakika chache. Watu 1,297 walikufa, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Babu alikuwa na rafiki mmoja ambaye alimtazamia kwenye meli ile. Hakuwahi kutuambia zaidi ya hapo, na mtu akianza kuimba nyimbo za bahari alikuwa anainuka.

Halafu Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw mwaka 1944, kwenye masika ya huko. Askari waliliita bonde la mauti, na waliokufa kwa homa hawakuwa wachache. Babu alisimulia tope. Alisimulia ruba. Alisimulia vidonge vya malaria vilivyowageuza ngozi kuwa ya njano hadi wakachekana. Desemba wakafika mto Chindwin, pale Kalewa, na wahandisi wakajenga daraja la chuma juu ya maboya, refu ajabu, naye akalivuka. Mtu aliyemuua, kama aliua, hakumsema. Niliwahi kumwuliza nikiwa mtoto, kwa utovu wa adabu wa watoto, akaniambia nikamletee maji. Nilipoyaleta alikuwa amelala, au amejilaza.

Lakini kuna kisa kimoja alikisimulia mara nyingi mno hata bibi akawa anamalizia maneno. Barabara hazikupitika, kwa hiyo chakula kilidondoshwa na ndege. Siku moja mzigo umeshuka kwa mwavuli, watu wamekimbilia mikebe ya nyama, yeye kashika kamba iliyofungia. Kaivuta, kainusa, kaitafuna kidogo. Akawaambia wenzake: huu ni mkonge. Wakamwona homa imempanda. Aliapa mpaka kufa kwake kwamba kamba ile ilikuwa singa ya kwetu, na kwamba pengine aliikata yeye mwenyewe. Mimi kama mwalimu wa hesabu najua uwezekano wake ni mdogo sana. Sijawahi kumwambia.

Alirudi mapema 1946, baada ya miezi 48 jeshini. Hapa nataka ubao, lakini hakuna, basi nisikilizeni. Nyaraka za Waingereza wenyewe, ambazo miaka ya karibuni ziliandikwa sana magazetini, zinaonyesha kwamba bahashishi ya kumaliza vita ilipangwa kwa rangi. Askari mweupe wa cheo cha chini kabisa katika majeshi ya Afrika Mashariki alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumika. Mweusi wa cheo kile kile alihesabiwa shilingi 3 na nusu. Zidisheni kwa 48. Mmoja anaondoka na 480, mwingine na 168. Tope lilikuwa moja, ruba hawakuchagua.

Babu alinunua baiskeli na koti. Nyota ya Burma waliyompa ilikuwa ya shaba, yenye ncha sita, na utepe wa rangi nyekundu, buluu na ya machungwa. Nyuma haikuwa na jina. Ilikuwa tupu kabisa, unaweza kumpa mtu yeyote. Bibi aliitumia kwa miaka kufungia pazia.

Wapo waliorudi kutoka Burma wakaingia kwenye mambo makubwa. Hapa hapa mjini, Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally walikuwa Burma, na majina yao yamo kwenye kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954. Tunawaheshimu. Babu alirudi kwenye mkonge. Kodi ilikuwa inadaiwa, shamba la Kasulu lilikuwa dogo, na baiskeli hailiwi.

Na sasa ninafika mahali ambapo angependa niruke, lakini sitaruka, kwa sababu nimechoka na hotuba za marehemu wasio na doa. Waliporudi, askari wa zamani walipendwa mashambani kwa jambo moja, sauti. Babu alifanywa nyapara. Alikuwa na kofia ya keya na sauti ya gwaride, na aliitumia. Vijana wapya waliotoka Kigoma, watu wa kwao, wengine wa ukoo, aliwaita kwa namba kama yeye alivyoitwa. Siku moja kijana mmoja alishindwa kumaliza kazi yake, akakaa chini katikati ya mistari. Babu akamwambia simama. Kijana akasema siwezi. Babu akampiga kofi mbele ya watu. Kijana akakohoa, na kilichotoka kilikuwa damu.

Wiki ile ile babu alirudisha kofia. Akaomba panga lake na kipande, akarudi kwenye mistari kukata na wenzake, namba kama namba nyingine. Bibi alikuwa mkali kwa hilo, maana unyapara ulikuwa na nyumba bora na posho zaidi. Hakumsamehe upesi. Kila chumvi ilipokwisha alimkumbusha.

Ngojeni ninywe maji.

Mwaka 1974 nilikuwa darasa la saba, nakaa kwa baba mdogo Temeke. Babu akaja na treni. Alikuwa amesikia kuna ofisi inayoandikisha askari wa zamani, akafunga karatasi zake kwenye kitambaa akaja. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumtembeza. Ofisi hiyo, sitaitaja, walitazama jina la jeshini, wakatazama jina la kitambulisho, wakasema hawa ni watu wawili. Babu akasema, ni kweli, na wa tatu ni mimi. Hawakucheka. Tukatoka.

Tukafuata mtaa ambao leo unaitwa Samora mpaka kwenye mzunguko. Mnaijua sanamu ya Askari, mnapita hapo kila siku mkiwahi Posta. Wapo wazee wa mji huu waliokuwa wakiiita Bismini, na ukilisikiliza jina hilo vizuri utamsikia Wissmann ndani yake. Maana hapo hapo, tangu kabla ya vita ya kwanza, alisimama Hermann von Wissmann, gavana wa Wajerumani, na chini yake, miguuni, askari Mwafrika. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa. Ikaishia Hamburg, chuoni, na mwaka 1968 wanafunzi wa huko wakaiangusha. Huyu wa sasa alisimamishwa mwaka 1927, peke yake, bunduki mkononi, singe imeelekezwa bandarini. Angalau hapo askari alitoka miguuni pa mtu.

Babu alimzunguka. Kwanza akatazama viatu, akatazama namna alivyofunga miguu, akaridhika. Akatazama mikono muda mrefu. Akasema, "Huyu hajakata mkonge." Kisha akaanza kusoma maandishi. Yapo kwa Kiingereza, maneno ya mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, na yapo kwa Kiswahili cha herufi za Kilatini na cha herufi za Kiarabu. Alisoma kwa sauti yake ile ya misumari, watu wakawa wanatupita wakigeuza shingo. Yanawakumbuka askari wenyeji waliopigana vita ya kwanza. Yanawakumbuka wapagazi, na kuwaita miguu na mikono ya jeshi. Alipofika hapo akanyamaza, kwa sababu mgongo wa baba yake ulikuwa hapo. Na mwisho yanasema kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako.

Akazunguka tena. Upande wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Nikamwuliza, babu unatafuta nini? Akasema, "Natafuta majina."

Hayapo. Nendeni mkaangalie, ni mwendo wa dakika chache kutoka hapa. Hakuna hata moja.

Hakukasirika, msimfikirie hivyo. Alisema tu kwamba aliyeandika alikuwa fundi wa maneno, na kwamba njaa imempata. Tukapanda basi kwenda Kariakoo kutafuta ugali. Njiani nikamwambia nilichofundishwa shuleni, kwamba Kariakoo ni Carrier Corps, kwamba pale Waingereza waliwakusanya wapagazi wa vita ya kwanza, watu waliobeba risasi na unga mpaka wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara na malaria na njaa. Hakuwa analijua. Akashuka akasimama katikati ya zile kelele, mikokoteni, watu na magunia kichwani wakipiga ukelele wa "kando, kando!", akatazama kama mtu aliyeingia msikitini. Kijana mmoja wa mzigo akamgonga na gunia, akamwambia, mzee pisha. Babu akapisha, akavua kofia. Kijana yule alimwona kichaa.

Nimekaa mji huu zaidi ya miaka hamsini na sijaona sanamu ya manamba. Sidai ijengwe, na sidhani tunahitaji shaba zaidi. Tukiijenga tutaiweka panga mkononi, mtu atavunja panga akauze chuma chakavu. Nasema tu kwamba kila Julai tunaweka mkuki na ngao kwenye mnara kwa ajili ya waliokufa na bunduki, na ni haki yao. Lakini babu yangu bunduki aliishika miaka minne. Kama ningemleta hapa leo na kumvika ile nyota ya pazia, mngempigia makofi kwa robo ndogo ya maisha yake, na ile miaka mingine mngeipita kama vituo ambavyo treni haisimami.

Nimalizie kipande, maana niliahidi.

Babu alikufa mwaka 1993, Kasulu, kitandani kwake. Bibi ndiye aliyenipa hiki. Nilipokiona nikafanya hesabu ambayo ninyi vijana mlioshika pale nilipowaambia mshike mmeshaifanya. Kipande kilichojaa kinabaki ofisini. Hiki kilibaki kwake kwa sababu hakikujaa. Alama ishirini na tisa, yaani siku ishirini na tisa za mkonge ambazo hakulipwa hata senti. Na mtu aliyekuwa na alama ishirini na tisa alibakiza siku moja tu.

Nilikuwa nimemwuliza yeye mwenyewe, miaka ya nyuma, akasema aliumwa tumbo. Nikamwambia bibi: tumbo gani la kumfanya mtu aache mshahara wa mwezi? Bibi akasema, tumbo uongo. Yule kijana aliyepigwa kofi, kifua kilimzidi. Mkataba wake ukavunjwa, wakampa tiketi ya treni ya kurudi Kigoma, peke yake, hawezi kubeba hata blanketi lake. Asubuhi ya siku ya thelathini babu alimbeba mpaka stesheni ya Kimamba. Alisema anarudi mchana. Treni ilipofika akapanda naye. Alimfikisha kwao, akakaa mpaka akamzika, na aliporudi Kimamba kipande kilikuwa kimeshakufa.

Bibi alikuwa na hasira hata siku hiyo ananisimulia, miaka arobaini na kitu baadaye. Alisema, "Si angetuma hata mtu amkatie hiyo siku moja!" Nikamwuliza jina la yule kijana. Alilijua. Alilitamka lote, la kwake na la baba yake, bila kufikiri.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Chai iko nje, na nimeambiwa kuna vitumbua. Kipande nitakiacha hapa mezani mpaka saa kumi. Anayetaka kukishika akishike, ila baada ya vitumbua futeni mikono kwanza, karatasi hii haivumilii mafuta. Na kama kuna mtu nyumbani kwake kuna kingine kama hiki, chenye vyumba vitupu, aje tuongee pale dirishani. Nina daftari.